Medina na Visahani Vilivyoelekea Upande Mmoja

Jina lake kamili ni Medina binti Tahiru bin Shafiki bin Farajala. Nalitaja lote kwa sababu siku hizi huko Arua wanamwita Madamu wa Lebu tu, yaani wa maabara, kana kwamba aliokotwa njiani. Farajala alikuja na jeshi kutoka Sudani kwa miguu, bunduki ya serikali begani, na nyuma yake mke aliyebeba jiwe la kusagia kichwani; jiwe hilo liko jikoni kwangu mpaka leo na bado linasaga. Shafiki mwanawe alikuwa mchinjaji wa keya, jeshi la Waingereza. Kikosi kilipopiga kambi mahali pageni, ofisa alitafuta pa kusimamisha hema na Shafiki alitafuta kibla, na mara nyingi Shafiki ndiye aliyemaliza kwanza. Tahiru, mwana wa Shafiki, mdogo wangu wa tumbo moja, alichinja katika soko la Koboko mpaka vita vikatutoa mwaka wa sabini na tisa. Tulikimbilia upande wa Sudani. Huko siku moja tulipata mbuzi mmoja, watu wengi, njaa imetufunga matumbo, na mawingu yamelifunika jua. Tahiru akakataa kushusha kisu mpaka ajue kaskazini, iliko kibla, ni wapi. Watu walimtukana yeye, wakamtukana na baba yake aliyekwisha kufa. Akangoja. Jua lilipochungulia akamgeuza mbuzi, akasoma bismillahi, akachinja.

Medina ametoka kwa watu hao. Yeye hachinji, lakini tangu alipoweza kusimama kazi yake ilikuwa kushika miguu ya mnyama.

Alizaliwa hukohuko ukimbizini, akarudi Koboko mgongoni mwangu, maana mama yake, Mungu amrehemu, alibaki katika udongo wa kule. Kabla hajaanza shule, sufuria ya uji ilimmwagikia mguuni. Tulimpeleka Kuluva, hospitali ya misheni. Nililala chini ya kitanda chake siku nyingi, na kila asubuhi muuguzi alipofungua bandeji niliangalia kingo za kile kidonda. Ngozi mpya ilikuwa inakuja kutoka pembeni, polepole, inaziba kuelekea katikati. Leo imesogea, kesho imekwama, moyo wangu unakwenda nayo. Medina naye alikuwa anaangalia. Akaniuliza: "Shangazi, hii ngozi inakuja yote pamoja, ama kila kipande kinakuja peke yake?" Nikamwambia anyamaze, muuguzi afanye kazi. Swali lile hakuliacha. Nalisema hili ili mjue kwamba kazi yake hakuipata kwa Wazungu. Aliipata Kuluva, kitandani.

Akasoma. Akawa mtu wa maabara, miaka mingi anatazama damu ya watu kutafuta malaria. Halafu, katika umri ambao wenzake wanaozesha mabinti, yeye akarudi chuo kikuu kusomea takwimu. Jirani yangu Jamilah, ambaye ulimi wake haujawahi kupata homa, aliniuliza kama yule mtoto anatafuta mume wa hesabu. Nikamwambia afadhali wa hesabu, huyo hatakuja saa nane ya usiku ananuka waragi. Akanyamaza, kwa sababu wa kwake tulikuwa tunamjua.

Kazi yenyewe, kama alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la sita, na darasa la sita la wakati wetu halikuwa mchezo, ni hii. Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo vinavyoitwa seli, vidogo hata macho hayavioni. Unapoungua, seli za pembeni huanza kuhama ili kuziba mahali palipo tupu. Huko Arua wana chumba kimoja cha utafiti nyuma ya barabara kubwa, na ndani mna hadubini yenye kamera, imefungwa ndani ya sanduku la joto. Medina anaweka kisahani cha plastiki ndani yake. Nusu ya kisahani imejaa seli za ngozi, nusu ni tupu. Kamera inapiga picha, inapumzika, inapiga tena, na picha zikiunganishwa zinakuwa video. Nimeiona. Zinatambaa kama wali unaochemka kwa moto mdogo, zote zinakwenda upande ulio tupu.

Sasa swali. "Shangazi," aliniambia siku aliyonionyesha video, "siku ya soko watu wanatoka Dranya wanakuja Koboko, barabara imejaa, wote wanaelekea upande mmoja. Wanajuana?"

Nikasema wengine wanajuana, wengine wamekutana tu na vumbi la njia.

"Na wale wanaosindikiza bibi arusi?"

Nikasema hao wanangojana. Mmoja akisimama kuchomoa mwiba, wengine wanapunguza mwendo. Mmoja akiharakisha, mwenzake naye anaharakisha.

"Hilo tu ndilo ninalotafuta," akasema. "Seli ni watu wa soko, au ni watu wa arusi?"

Ukitazama kwa macho huwezi kujua, maana wa soko na wa arusi wote wanakwenda mbele. Ndiyo maana ya takwimu. Kompyuta inafuata kila seli, hatua kwa hatua, halafu inalinganisha jirani na jirani: wanapinda pamoja? Wanachelewa pamoja? Mwisho inatoa namba moja. Namba ikiwa kubwa, wanapatana. Ikiwa ndogo, kila mtu na safari yake. Na jambo hili lina faida, kwa sababu mtu akitaka kutengeneza dawa ya kidonda cha moto lazima ajue kama anasaidia kila seli peke yake au anasaidia zishikane. Ukikosea hapo, kidonda cha mtoto wa mtu kitalala wazi.

Namba ya Medina ilitoka kubwa, video baada ya video. Akasimama mbele ya wakubwa katika mkutano mdogo hapo Arua akasema seli za ngozi ni watu wa arusi. Habari ikafika Koboko kabla hata yeye hajavua viatu.

Tahiru akafanya karama, sadaka ya shukrani. Alichinja dume la kondoo, akaita watu wa msikiti, sheikhe akasoma dua, mimi nikapika. Jamilah alishika sahani yake mkononi akasema miaka yake yote hajawahi kula karama ya kitu kisichoonekana. Watu wakacheka. Tahiru hakucheka. Alisimama pale, macho yake yameanza kuingia ukungu wa uzee, akasema kwamba baba yake alichinjia jeshi, yeye amechinjia wakimbizi, na leo amechinja kwa ajili ya elimu ya mtoto wake. Toka siku ile kila aliyepita dukani kwake kununua nyama aliambiwa kuhusu seli.

Na mimi, toka siku ile, nilikaa na kitu kifuani. Shukrani ikitangulia kazi kumalizika, mimi huwa siachi kutazama nyuma. Medina alikuwa bado hajasimama mbele ya wale walimu wa chuo ambao ndio wanaokata shauri la mwisho. Tarehe ilikuwa imekwisha kutajwa. Na ile hadubini ilikuwa ya kuazima. Mvua za pili zikiisha itapelekwa kwingine.

Mwezi wa tano akaja Koboko bila kusema kwamba anakuja. Nilimsikia mlangoni, na kwa jinsi alivyosalimia nikajua. Alikuwa amekonda shingo. Nikampa chakula akakichezea. Nikamwuliza kama ni ugonjwa, akasema hapana. Kama ni kazi imekwisha, akasema hapana, halafu akasema labda. Akaniomba baba yake asijue kwanza.

Akanieleza nje, tukiwa tunachambua mchicha. Mwalimu wake, Daktari Ezati, mzaliwa wa Arua huyu, alikuwa amemwambia kabla ya kusimama mbele ya wale walimu wa chuo afanye mtihani mmoja wa mwisho. Achukue seli ya kisahani kimoja aiunganishe na seli ya kisahani kingine, cha wiki nyingine, seli ambazo hazijawahi kuonana. Aiambie kompyuta kwamba hizi ni majirani, halafu aitazame namba. Ni kama kuchukua mtu mmoja wa arusi ya Koboko na mmoja wa arusi ya Arua ya mwezi mwingine: hao hawawezi kungojana. Namba lazima ianguke.

"Ikaanguka?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Ilikataa kuanguka."

Alifikiri mwenzake Drateru amefungua video zisizo zenyewe. Drateru ni msichana wa Dadamu, anafanya kazi naye pale maabara, na ni mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Wakafungua upya, Drateru anataja jina la kila video kwa sauti kama karani wa mahakama. Namba ikarudi palepale. Seli zisizowahi kuonana zilikuwa zinapatana karibu sawa na majirani. Maana yake kupatana kule hakukutoka kwao wenyewe. Kuna kitu kilichokuwa kinazivuta zote upande mmoja, na yeye alikuwa amekiita kitu hicho mapenzi ya arusi.

Alikuwa ametafuta kitu hicho kila mahali. Meza ilipimwa ikawa sawa. Kamera ikafunguliwa ikafungwa. Umeme, ambao huko kwetu una tabia zake, ulichunguzwa. Hakuna. Na tarehe inakaribia.

"Nikinyamaza nitapita," akasema, akiangalia majani mkononi. "Daktari Ezati hajaiona ile namba. Drateru hatasema."

Nilimwona akishusha mkono, anashika pale mguuni kwenye kovu lake juu ya nguo, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo bado uko mfukoni. Basi nikajua hatanyamaza, na hofu yangu ikaongezeka badala ya kupungua, kwa sababu sasa kilichobaki kilikuwa Tahiru.

Kesho yake Tahiru akaja. Ameambiwa binti yake yuko, amekuja na jogoo chini ya kwapa, ananikemea mimi dada yake kwamba mtoto wa watu analishwa mchicha. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini kisu hajamwachia mtu. Akauliza nani atashika. Medina akaenda, kama zamani. Tulikuwa kwenye ule upande wa nyuma ya nyumba yangu ambapo ukuta umekwenda mshazari, na mvua ilikuwa imekaa juu, hakuna jua wala kivuli. Hata mimi ningesimama kidogo nifikirie kaskazini iko wapi, halafu niinamie kidogo kwenda mashariki.

Tahiru akachuchumaa. "Umemgeuza?"

"Nimemgeuza, Baba."

"Nani amekuonyesha? Jua hakuna."

"Hakuna mtu."

Tahiru akapapasa kichwa cha jogoo, akapapasa ukuta, akapima kwa mkono, akacheka kwa furaha. Akasema mkono wa mtoto wa mchinjaji haupotei hata gizani. Akasoma, akachinja.

Jogoo akapiga mabawa, akatulia, akafa kabisa, na Medina hakumwachia. Nilimwita mara ya kwanza, hakusikia. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Nikamwambia aachie, nguo inachafuka. Akainuka, akanawa, akaenda pembeni na simu. Nikamfuata. Sikufuata kwa umbea.

Alimpigia Drateru. Alikuwa ameiweka sauti nje, na yote niliyasikia.

"Drateru, visahani unaviweka vipi ndani ya sanduku?"

"Kama vile ulinifundisha. Ile alama nyekundu naiweka kwa ule ukuta wenye kabati."

"Siku zote?"

"Siku zote, Madamu. Nimekosa?"

"Na alama nyekundu iko upande gani wa kisahani?"

"Upande tupu. Madamu, kuna nini?"

Medina akafumba macho. "Hukukosa. Ni mimi. Ukuta wa kabati ndiyo kibla."

Halafu Drateru akasema polepole, "Madamu, mimi niko mtu wa kwaya. Umeniswalisha mwaka muzima?"

Medina alicheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani, na cheko lile lilipofika mwisho halikusimama, likageuka kuwa kilio, nami nikachukua simu nikamwambia Drateru tutampigia.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Tangu siku ya kwanza alipopewa kile chumba, mkono wake ulikuwa umekwisha kuamua. Kisahani kina seli zilizo hai, kinaingia mahali pa kazi, basi mkono ukakigeuza, bila kumwuliza mwenye mkono. Akamfundisha Drateru hivyohivyo, na Drateru akadhani ni sheria ya maabara. Na upande huohuo wa sanduku ndiko zinakopita nyaya zinazolitia joto. Kwa hiyo katika kila video, sehemu tupu iko kibla, joto liko kibla, na seli zinakwenda kibla. Zinafuata jirani? Zinafuata joto? Zinafuata nafasi tu? Hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna kisahani hata kimoja kilichowahi kutazama kwingine.

"Wakati wa sala ya Idi," aliniambia baada ya kufuta uso, "mtu wa Arua na mtu wa Koboko wanainama upande mmoja. Hawajaonana. Ndivyo nilivyozifanya."

Nilielewa, na nilipoelewa nikaogopa. Ninyi mnaosoma haya labda mtaona ni kosa dogo la kazi. Lakini Koboko ninaijua. Maneno yanatoka mdomo huu yakiwa kuku, yanafika mdomo wa tatu yakiwa ng'ombe. Hapa watasema: binti wa Tahiru amesema kibla imeharibu kazi yake. Binti wa mchinjaji, mjukuu wa Shafiki. Na baba yake amekwisha kulisha msikiti mzima. Je, atakwenda kuwaambia nini? Na atakapoyasikia haya kutoka kwa mtoto wake mwenyewe, mzee mwenye presha, na mkono ambao dakika chache zilizopita ameusifu?

Nikamwambia angoje mpaka baada ya alasiri, mtu akishaswali moyo huwa laini. Tukapika yule jogoo. Sijui nilitia chumvi au sikutia.

Baada ya alasiri Medina akakaa chini mkekani mbele ya baba yake akamweleza yote, kwa utaratibu, soko na arusi na kisahani na ukuta. Mimi nilikaa mlangoni na sinia mapajani. Tahiru hakumkatiza. Alikuwa amegeuza sikio kwake kama anavyofanya siku hizi, na uso wake haukusema kitu. Medina alipomaliza, nilisikia kuku wa Jamilah wakiparua upande wa pili wa uzio.

"Unaniambia kibla imeharibu kazi?"

"Hapana, Baba. Nakuambia niligeuza kitu ambacho sikuambiwa nikigeuze."

"Kuku tunamgeuza kwa sababu anachinjwa, analiwa. Hizo zako zinaliwa?"

"Haziliwi."

"Ni maiti, unazizika?"

"Hapana. Ziko hai."

"Basi uligeuza za nini?"

"Mkono tu, Baba. Sikujua kama nageuza."

Tahiru akashika magoti yake. Nilikuwa nimeona uso ule mara moja tu, siku ya mbuzi, watu wakimtukana. Akarudia lile neno, mkono, akalirudia tena. Mwisho akasema jambo ambalo silisahau: "Mimi ndiye niliyeufundisha kuwa na haraka. Sasa na wewe ufundishe kungoja."

Hakula yule jogoo. Alisema ameshiba, na hakuwa ameshiba. Magharibi ikaadhiniwa akachukua fimbo akaenda msikitini, akakataa kushikwa mkono. Tukakaa pale, mimi na Medina, na kila mtu aliyepita barabarani tulinyamaza tumsikilize anasema nini. Alichelewa kurudi. Nikaanza kufikiri amepigana maneno na mtu, ameanguka, presha imepanda. Medina alikuwa anakunja ncha ya mtandio na kuikunjua.

Akarudi, akakaa, akaomba maji. Tukamwuliza. Akasema baada ya swala alisimama akawaambia watu kwamba ile karama ya Medina ililiwa mapema, kazi ina kosa, mtoto mwenyewe ameliona na anarudia. Anayetaka kurudisha nyama, arudishe. Sheikhe akasema dua haiozi. Wengine wakacheka. Mmoja, Tahiru hakutaja jina, akasema watu wakisoma sana ndivyo wanavyopotea. Tahiru alituambia hilo huku anatazama ndani ya kikombe.

Upande wa pili wa uzio sauti ya Jamilah ikasema, bila kuitwa na mtu, kwamba yeye nyama yake harudishi, ilikuwa na mafuta mazuri.

Siku iliyofuata Medina akampigia Daktari Ezati. Hiyo hakuiweka sauti nje, akaenda nayo mpaka kwenye mihogo, nami nikamwona anasimama, anatembea, anasimama. Aliporudi akanieleza. Mwalimu kwanza alimwuliza kama ana hakika, akasema anayo. Mwalimu akasema ile tarehe ataiondoa, na ya pili hawezi kumwahidi. Itategemea wakubwa wenzake, na wengine wao hawapendi mtu anayerudi nyuma. Kuhusu kazi akasema jambo moja tu: visahani vigeuzwe kila kimoja upande wake, bila mpango wa mtu, kisha ule mvuto unaozipeleka seli zote upande mmoja utolewe katika hesabu, na kinachobaki ndicho kitakachosema. Mmoja akichelewa pasipo sababu, jirani yake anachelewa? Wa mbali hachelewi? Kikibaki kitu, ni arusi. Kisipobaki, ni soko. Na yote yawe yamekwisha kabla hadubini haijaondoka.

"Wewe unataka ziwe nini?" nikamwuliza.

"Arusi." Alijibu haraka mno. Akajisikia mwenyewe, akatazama mikono yake. "Umeona? Ndiyo maana siwezi kuchagua mimi. Mkono wangu utatafuta upande unaoupenda. Drateru naye anajua ninachotaka, na ananionea huruma."

Akarudi Arua. Wiki ile sikulala vizuri. Simu ikilia nilidhani ni hadubini imechukuliwa mapema, au umeme umekatika na seli zimekufa, au wale wakubwa wamekataa. Jamilah akaniuliza kwa nini naitazama simu kama sufuria ya maziwa.

Jumamosi Medina akaja tena, amebeba mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na vifuniko vya soda, vyote vimepakwa rangi moja, na chini ya kila kimoja ameandika namba. Kila namba ina upande wake. Kuna wa kibla na kuna pande zote nyingine. Karatasi inayosema namba ipi ni upande upi iko kwa Drateru, Arua, naye Medina hataigusa mpaka mwisho. Drateru alikuwa amependekeza kazi ya kutoa namba apewe mtu asiyejua Makka iko wapi. Medina akasema hapana, apewe mtu anayejua, lakini aliye mbali, asiyeona kisahani.

Akakaa karibu yangu, akaweka mkebe mapajani mwangu, na alinieleza kama vile mimi nilivyomweleza zamani jinsi ya kubeba maji bila kuyamwaga.

"Kila siku ya kazi, asubuhi, unatikisa. Unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa kimoja. Unampigia Drateru unamtajia namba. Unakirudisha ndani. Siyo zaidi."

Nikasema hilo hata mtoto analiweza.

"Mtoto hawezi. Namba moja ikitoka leo, ikatoka kesho, ikatoka tena keshokutwa, utataka kuirudisha uchukue nyingine, uone ni haki kwa wenzake. Usirudishe. Iliyotoka imetoka."

Nikakubali.

"Na mimi usiniambie, Shangazi. Nitakupigia simu, nitauliza habari ya mgongo wako, habari ya mihogo, nitazunguka. Hata nikilia, usiniambie."

Nikamtazama. Ni mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Sudani, na sikumbuki kama niliwahi kumnyima kitu alichokililia. Nikamwuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaba toka mwanzo: na kama mwisho wake ikaonekana kwamba ni watu wa soko tu, itakuwaje, baada ya karama, baada ya baba yake kusimama mbele ya watu?

Akaifunika mikono yangu na yake juu ya mkebe, akaibana, halafu akaondoa ya kwake akaipeleka nyuma ya mgongo.

"Tikisa," akasema. "Drateru anangoja simu."